Aliyetaja Majina Mawili

Wazazi mlio na watoto wanaotafuta kazi huku wakiwa bado na kazi nyingine, hili lilimkuta mwenzenu mmoja. Halikumkuta kwa roho mbaya. Lilimkuta kwa kupenda, na kwa kufuata maagizo bila kuuliza mara ya pili.

Mtaani walimwita Bi Taratibu, maana neno hilo halikumwisha mdomoni. Mtoto akikimbia, taratibu. Mtu akishuka ngazi na ndoo, taratibu. Alifuma sweta za watoto wachanga, akikaa dirishani kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyoishi na binti yake wa pekee. Jumanne hiyo alikuwa ameshafumua mkono wa sweta mara mbili, kwa sababu hesabu ya vishono ilimpotea kila alipoitazama simu iliyolala mapajani pake.

Simu ilikuwa yake, lakini iliyokuwa ikisubiriwa haikuwa yake. Ilikuwa ya binti.

Binti alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli na hospitali. Kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, siku sita kwa wiki, alisimama mbele ya mashine ya pasi, ile yenye mapipa mawili yanayozunguka, akipokea mashuka yanayotoka yakifuka mvuke. Mvuke huo ulikuwa na dawa ndani yake, na dawa ilikuwa imemwingia kifuani. Mwaka wa tatu huo alikuwa anakohoa kikohozi kikavu cha kumkunja mgongo. Daktari hakumficha. Alimwambia, vidonge nitakupa, lakini ukibaki pale, hiki kifua hukioni tena kama ulivyozaliwa nacho.

Basi binti akasomea utunzaji wa stoo, Jumapili kwa Jumapili, mwaka mzima. Akapata cheti. Akaanza kuomba kazi.

Na kuomba kazi ukiwa kazini ni kazi ya pili isiyo na mapumziko. Barua aliziandika alfajiri, chai ikimpoa pembeni. Mchana walipewa nusu saa ya kula. Yeye alikula kwa dakika kumi, nyingine ishirini akazikimbiza mpaka duka la kuchapa na kurudi, akiwa bado anatafuna. Akitaka kuwahi mahali asubuhi, ilibidi abadilishane zamu na mwenzake wa mchana. Ruhusa hiyo ilitolewa mara moja tu kwa mwezi, na ilibidi iandikwe kwenye daftari la msimamizi siku mbili kabla, kabla ya saa kumi jioni. Saa kumi na dakika moja, daftari limefungwa.

Msimamizi huyo walimwita Kengele, kwa sababu muda ukifika alisema yeye kabla kengele yenyewe haijalia.

Na simu hawakuingia nazo. Getini palikuwa na kabati la mbao lenye vitundu vyenye namba. Unaingia asubuhi, unaweka simu yako kwenye kitundu chako, mlinzi anafunga kwa kufuli, jioni unaichukua. Ndiyo maana kwenye barua zake zote za kuomba kazi binti aliandika namba ya mama yake.

"Sikiliza mama," alimwambia tangu barua ya kwanza. "Watu wa kunipigia ni wa aina mbili. Wapo wa kweli, na wapo wa kiwandani wanaojifanya wa kweli. Unamkumbuka Mama Pacha?"

Nani asingemkumbuka. Mama Pacha alikuwa akikunja mashuka mashine ya jirani. Alipigiwa simu siku yake ya mapumziko na mtu aliyejiita mwajiri, akaulizwa kwa nini anataka kuhama alipo. Mama Pacha akafunguka dakika kumi nzima, akamwaga yote. Kesho yake alipofika getini alikuta barua yake ya kuachishwa kazi imeshachapwa.

"Sasa nitawajuaje?" Bi Taratibu aliuliza.

"Kwenye barua zangu naandika majina matatu, langu, la baba na la babu. Kwenye kitabu cha kiwanda nina majina mawili tu. Atakayetaja matatu, mpokee, andika siku na saa, sema ndiyo bwana. Atakayetaja mawili, huyo ametumwa. Mwambie naipenda kazi yangu, sitafuti nyingine. Na usimpigie stori, mama. Nakujua."

"Stori gani na mtu nisiyemjua?"

"Mama, wewe wiki iliyopita aliyekosea namba ulimweka robo saa."

"Alikuwa na mgonjwa," Bi Taratibu alisema. "Ningemkatia?"

Basi hiyo Jumanne, saa nne na dakika chache, simu ikalia.

Aliweka sindano chini, akajifuta mikono kwenye kanga kama vile mtu wa upande wa pili angemwona, akapokea.

"Haloo. Hii ni namba ya..." Sauti ya mwanamume, ya haraka. Akataja jina la binti. Akataja la baba. Akanyamaza.

Bi Taratibu alisubiri la tatu. Alisubiri mpaka akasikia pumzi za yule mtu.

"Haloo? Mama, unanisikia? Ni kuhusu barua yake ya kuomba kazi ya stoo."

"Mimi ndiye mama yake," alisema, na sauti ilimtoka ngumu kuliko alivyoizoea. "Hatafuti kazi. Anayo kazi, na anaipenda. Kila siku anaisifia hapa."

"Lakini barua ninayo mbele yangu."

"Basi kaiandika mtu mwingine. Mwanangu haendi popote."

Nyuma ya yule mtu kulikuwa na vurugu za watu.

"Una hakika, mama? Kwa sababu nikimkata hapa, nampigia anayefuata."

"Mpigie tu, baba. Mpigie."

Simu ikakatwa. Bi Taratibu akashusha pumzi, akacheka peke yake. Kengele wa watu ameingia mtegoni badala ya kuutega. Akaokota sindano, akafuma mistari minne mizuri isiyo na kosa hata moja, huku akipanga jinsi atakavyomsimulia binti jioni na mahali pa kupunguza, maana alijua yeye akianza huongeza.

Kwenye mstari wa tano mikono ikasimama.

Zile vurugu za nyuma. Kulikuwa na mtoto mchanga akilia, si mmoja, wawili. Na kulikuwa na mwanamke aliyesema, tena kwa sauti kubwa, "Namba kumi na nne, chumba cha sindano."

Kiwandani hakuna chumba cha sindano. Hakuna watoto. Na binti alikuwa ameomba kazi ya stoo ya dawa na vifaa kwenye hospitali ya mama na mtoto. Hiyo ndiyo barua aliyoirudia mara tatu, hiyo ndiyo aliyoipulizia dua kabla ya kuitia kwenye bahasha.

Alipiga ile namba, ikaita mpaka ikakatika. Alipiga tena. Mara ya nne akapokea mwanamke, akasema hapo ni mapokezi, simu hutumiwa na ofisi zote, hajui nani alipiga, naomba upishe mama kuna wagonjwa wanapiga.

Bi Taratibu, ambaye tangu awe mtu mzima hajawahi kuonekana akikimbia, alitoka na ndala za kuogea miguuni.

Kiwanda kilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Alitumia kumi na mbili. Mlinzi alimzuia getini, na kabla hajapata la kusema, Kengele mwenyewe akatokea kwenye mlango wa ofisi ndogo. Alikuwa mtu mfupi, mtaratibu, mwenye sauti ya chini. Bi Taratibu aliona bora angekuwa mpiga kelele.

"Shikamoo mama. Kuna tatizo nyumbani?"

Hapo ndipo watu wengi husema fulani amezidiwa. Neno lilimfika ulimini, na akaliona lingemtoa binti mara moja. Lakini aliona pia kwamba Kengele angempa binti siku nzima kwa ajili ya mgonjwa, kisha asingempa ruhusa nyingine mwezi huo.

"Marahaba, baba. Hakuna tatizo. Kuna jambo dogo la nyumbani linataka jibu lake leo. Dakika mbili tu."

Kengele alitazama saa. "Mbili," alisema, akamtuma mlinzi. Kisha hakuondoka. Alisimama palepale, mikono nyuma.

Binti alitoka akiwa na jasho la mvuke usoni na kitambaa kichwani. Alipomwona mama yake na ndala zile, akaongeza mwendo.

"Kuna nini, mama?"

"Yule fundi wa kabati amepiga," Bi Taratibu alisema. Alikuwa amelitunga njiani, na sasa lilimtoka kama somo la shule. "Nimemwambia hulitaki. Nilidhani ni tapeli, maana hakutaja vizuri. Kumbe ni yeye mwenyewe."

Binti alimtazama. Kope hazikupepesa.

"Hakutaja vizuri vipi?"

"Alitaja mawili. Nusunusu."

"Na wewe ukamwambia silitaki."

"Si hilo tu. Nikamwambia ampe mwingine."

Binti alikohoa. Alikohoa muda mrefu, ameinama, mkono umeshika geti. Kengele akasubiri mpaka akamaliza, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Kabati la nguo au la vyombo?"

"La vyombo," alisema mama.

"La nguo," alisema binti, kwa pamoja naye.

Mlinzi akatazama pembeni.

"Litakuwa kubwa hilo," Kengele alisema. Akatazama saa yake. "Bado nusu dakika."

"Mama," binti alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua kabisa. "Nenda kwake wewe. Si kwa simu. Nenda mpaka kwenye karakana yake, mwambie nalitaka. Mwambie nimelisubiri mwaka mzima. Umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu."

"Na mimi leo nitaandika kubadilisha zamu ya Alhamisi," alisema akimgeukia Kengele. Kwenye tangazo la kazi ile iliandikwa usaili ni Alhamisi. "Fundi akileta, lazima nyumbani awepo mtu."

"Daftari lipo," Kengele alisema. "Ni mara moja kwa mwezi, unajua."

"Najua."

Hivyo binti alitumia ruhusa yake ya mwezi kabla ya kujua kama kiti chake bado kipo.

Hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji. Bi Taratibu alipanda basi, akashuka, akauliza njia mara tatu, akafika saa sita kasoro robo. Ofisi ya ajira ilikuwa mwisho wa korido ndefu, mlangoni imebandikwa karatasi kwa plasta ya vidonda. Ndani alikaa kijana mwenye kalamu sikioni, na aliposema "karibu mama," Bi Taratibu aliijua sauti.

Alibaki amesimama. "Mimi ndiye niliyekwambia hatafuti kazi."

Kijana aliweka chini karatasi alizoshika. "Anhaa," alisema. "Yule anayeisifia kazi yake kila siku."

Alimweleza yote, Mama Pacha, majina matatu, kabati la simu, kifua. Hakutia chumvi hata chembe, jambo lililomshangaza mwenyewe. Kijana alimsikiliza, akavuta orodha.

"Tunaita watu watano tu, mama. Baada ya wewe kukata nilimpigia wa sita, akakubali palepale. Watano wametimia. Na hapa," alimwonyesha kwa ncha ya kalamu, "nimeshaandika kwamba hataki kazi. Nikifuta, mkuu ataniuliza nimepewa nini."

"Mbona hukutaja jina la tatu, baba?"

"Nilikuwa na orodha nzima ya watu wa kuwapigia, na foleni ya simu nyuma yangu." Alisema bila ubaya. "Ningejuaje kwamba jina la babu ndiyo ufunguo wa nyumba?"

Bi Taratibu aliishia darasa la saba, na maisha yake yote ofisi zilimfanya ajione ameingia na matope. Lakini hakuondoka. Alisimama tu, na ndala zake, mpaka kijana akapumua na kumsogezea karatasi tupu.

"Andika mwenyewe. Kwa mkono wako. Nitaibandika kwenye barua yake, mkuu aamue. Siahidi kitu. Alhamisi saa mbili aje, akae mwisho. Wakimwita, wamemwita."

Akaandika. Herufi zake zilikuwa kubwa, zimeinama, na kalamu ilimtoboa karatasi sehemu mbili. *Mimi ni mama yake. Aliyesema hataki kazi ni mimi si yeye. Niliogopa atafukuzwa. Yeye kazi anaitaka na kifua chake kinaitaka. Msimhukumu kwa mdomo wangu.* Akatia sahihi, akaisoma tena, akaongeza chini, *Samahani kwa usumbufu.*

Alhamisi walikwenda wote wawili. Binti alikuwa amevaa blauzi nyeupe aliyoipiga pasi mwenyewe, na hakuzungumza njia nzima. Hakuwa amemgombeza mama yake tangu Jumanne, na hilo ndilo lililomkata maini Bi Taratibu. Angepewa maneno angejua pa kuyaweka.

Walikaa kwenye benchi la korido. Zamu ya mchana kiwandani ilianza saa saba kamili, na kutoka hospitali mpaka kiwandani ni nusu saa na ushee. Ilibidi binti aondoke saa sita na robo, ikizidi sana na dakika ishirini.

Saa mbili waliita wa kwanza. Kila mmoja alikaa humo karibu saa nzima. Wa nne alitoka saa sita kasoro dakika kumi. Wa tano akaingia, na huyo wa tano ndiye yule aliyepigiwa baada ya simu kukatwa, msichana mwenye faili la plastiki na viatu vipya vinavyolia.

Saa sita na robo. Mlango umefungwa.

"Twende, mwanangu," Bi Taratibu alinong'ona. "Hawakuahidi kitu. Usije ukakosa huku na kule."

Binti alikuwa anatazama mlango.

"Saa sita na dakika ishirini sasa. Ukichelewa atakuandika. Tafadhali."

"Mama, Jumanne uliamua wewe," binti alisema, bila kugeuka. "Leo niache niamue mimi."

Akabaki.

Walimwita saa saba kasoro dakika nne. Alikaa ndani dakika kumi na mbili. Alipotoka alikuwa anatembea haraka, na mama yake akimfuata, ndipo alipomweleza, maneno yakikatwakatwa na pumzi. Walimuuliza namna ya kupanga dawa zinazokaribia kuisha muda, akajibu. Walimuuliza afanye nini akikuta mzigo umepungua, akajibu. Kisha mkuu, mama mmoja wa makamo, akaishika ile karatasi yenye herufi zilizoinama.

"Akaniuliza, siku ukiwa kwetu ukatafuta kazi pengine, mama yako atatuambia nini?"

"Ukasema nini?"

"Wenzake walicheka. Mimi nikasema, sitampa tena mama yangu kazi ya kusema uongo. Nikiondoka nitawaambia mwenyewe."

"Akasema nini?"

"Akaandika."

Walifika getini saa nane kasoro robo. Kengele alikuwa amesimama pale na daftari. Bi Taratibu alifungua mdomo, kabati la nguo lilikuwa tayari limefika kooni, na binti akamshika mkono.

"Nimechelewa dakika arobaini na tano," binti alimwambia Kengele. "Hakuna kabati. Nilikuwa kwenye usaili wa kazi, hospitali."

Mlinzi aliacha kuchezea funguo zake. Kengele alimtazama binti, kisha mama, kisha miguu ya mama ambayo leo ilikuwa na viatu.

"Umeipata?"

"Sijui."

"Basi mpaka ujue, mashine namba tatu haina mtu." Akaandika kitu. "Jioni utasaini barua ya onyo. Ni ya kuchelewa. Sababu sikuiandika." Binti alipokwisha kupita, akamwambia Bi Taratibu kwa sauti yake ile ile ya chini, "Mama Pacha sikumpigia mimi. Walimpigia wa juu. Lakini hamkuniuliza."

Kama alisema kweli au la, Bi Taratibu hakupata kujua.

Majibu yalikuja wiki ya tatu, kwa barua. Wamemchukua mwingine. Wanamshukuru kwa nia yake, jina lake litabaki kwenye orodha yao. Haikutajwa simu, wala karatasi iliyoandikwa kwa mkono, wala wa ngapi alikuwa. Bi Taratibu aliisoma mbele na nyuma akitafuta alama yoyote. Alitamani kukuta imeandikwa kwamba ni kwa sababu yake, aijue moja. Hakukuta.

Binti alikuwa amekaa kitandani anavua soksi za kazini.

"Wangenikataa tu, mama," alisema. "Yule wa tano alishawahi kufanya kazi ya stoo miaka miwili. Nilimsikia akiwaeleza."

Mlango ule ulikuwa mzito, na walikuwa wamekaa mbali nao. Bi Taratibu, aliyekaa benchi lile lile, hakusikia hata neno moja lililosemwa mle ndani. Alimtazama binti yake usoni kwa muda mrefu, akitafuta pale kope zinapopepesa mtu anapodanganya, na binti akamtazama vilevile, ametulia, kisha akainama akakohoa.